Miaka yangu na chumba cha shaba chenye mwanya

Miezi minne ya mwanzo nilipoteza data ambayo sitaipata tena, na sikuipoteza kwa kufuta faili, niliipoteza kwa kutoiandika. Nilikuwa nakaa mbele ya mashine ya kupimia maikrowevu, kwenye skrini vimejaa vilele, vingine vyembamba kama sindano vingine vinene vimejilaza, mi nachukua kila kilele naandika frikwensi ya katikati yake, gigahezi 7.213, 7.229, 7.240, naenda hivyohivyo mpaka mwisho wa mstari. Upana siandiki. Nilijiambia upana ni uchafu tu, ni kuta zinakula mawimbi, ni antena, ni mambo ya ufundi, fizikia yenyewe iko kwenye ile namba ya katikati. Sikuwa mvivu, naomba nieleweke, nilikuwa naamini hivyo kabisa.

Ngoja nieleze hicho chumba kwanza, maana bila hicho stori haiendi. Ni boksi bapa la shaba, kimo chake milimita 8 tu, eneo la sakafu yake ni sehemu moja ya kumi ya mita ya mraba, unaweza kulibeba kwapani. Ukiingiza maikrowevu humo kupitia antena ndogo kama pini, mawimbi yanagonga kuta yanarudi yanagongana yenyewe kwa yenyewe, na kwenye frikwensi fulani fulani yanatulia kwenye umbo moja, hapo ndo unaona kilele. Sasa kitu kilichonivuta mimi ni hiki, kwa sababu boksi ni bapa, mawimbi hayana nafasi ya kucheza juu na chini mpaka frikwensi ifike gigahezi 18.75 (mwendo wa mwanga ugawe kwa kimo mara mbili, ndo unapata hiyo), na chini ya hapo hesabu ya mawimbi humo ndani ni ileile, herufi kwa herufi, na hesabu ya Schrödinger, ile ya kwantamu yaani fizikia ya vitu vidogo kama atomu, ya chembe iliyofungwa kwenye uwanja bapa. Siyo mfano, siyo kufananisha, ni hesabu moja. Stöckmann na Stein walilifanya hili mwaka 1990 na toka hapo watu wengi wamekuwa wakisoma kwantamu kwenye vyumba vya shaba, unakuwa na chembe ya kwantamu yenye ukubwa wa meza, unaiona, unaigusa, unaweza kuifungulia mlango.

Umbo la chumba changu lilikuwa robo ya uwanja wa michezo, yaani mraba umeungwa na robo duara. Ukipiga gololi ndani ya umbo hilo njia yake ni kaosi, gololi mbili zikianza pamoja na tofauti ndogo kama unywele zinaachana haraka na hazikumbukani tena, Bunimovich alithibitisha hilo miaka ya 70. Kwa nini robo na siyo uwanja mzima, kwa sababu uwanja mzima una pande zinazofanana, na ukichanganya ngazi (ndo zile frikwensi ambazo mawimbi yanatulia) za makundi manne yasiyojuana takwimu zako zitakudanganya kwamba hakuna kaosi. Hilo angalau nilikuwa nimeshaonywa.

Kazi niliyopewa ilionekana nyepesi, pima ngazi zote mpaka gigahezi 10, chora histogramu ya umbali kati ya ngazi na jirani yake. Kama mfumo hauna kaosi ngazi hazijali jirani, zinaweza kukaa hata zimebanana, hiyo ni Berry na Tabor 1977. Kama kuna kaosi ngazi zinasukumana, karibu hupati mbili zimegusana, na umbo la histogramu linafuata fomula ambayo Wigner aliipendekeza katikati ya miaka ya 50 akiwaza viini vizito vya atomu. Na mwaka 1984 Bohigas, Giannoni na Schmit wakasema kwa ujasiri kwamba hii siyo ya viini tu, ni ya mfumo wowote ambao gololi yake ni kaosi. Basi nikachora. Ikatoka kitu cha katikati, siyo hiki siyo kile, na mkia mrefu kulia.

Nikaanza kuandika sentensi za kwamba labda chumba changu kina kaosi nusu. Nina aibu na hizo kurasa mpaka leo.

Prof wangu alikuwa mama mtu mzima, anaongea polepole, hakuangalia hata histogramu. Akauliza, "Umehesabu ngazi ngapi?" Nikamwambia 298. "Na zinatakiwa kuwa ngapi?" Nikanyamaza. Akachukua karatasi, akaandika fomula ya Weyl inayokupa idadi ya ngazi, eneo mara k mraba gawa kwa 4π, toa urefu wa ukingo mara k gawa kwa 4π (k ni 2π gawa kwa urefu wa wimbi), akaweka namba za chumba changu, 349 toa 22, akapata 327. Akasema, "Ishirini na tisa hazipo. Ziko wapi?" halafu, kabla sijajibu, "Na upana wako uko wapi?"

Sikuelewa haya maswali mawili yanahusianaje. Nilidhani kaniuliza vitu viwili tofauti. Ilinichukua wiki kugundua ni swali moja.

Iko hivi. Kila umbo la wimbi humo ndani lina sehemu ambapo lina nguvu na mistari ambapo halipo kabisa. Antena yangu iko sehemu moja. Kama mstari wa sifuri unapita karibu na antena basi antena haisikii hilo umbo, na hilo umbo nalo haliisikii antena, haliwezi kuvujia nje kupitia hapo. Yaani urefu wa kilele unachokiona na upana unaoongezwa na antena ni kitu kimoja, ni nguvu ya wimbi pale penye tundu. Na kwenye kaosi nguvu hiyo inatawanyika kwa sheria inayojulikana, Porter na Thomas waliitoa mwaka 1956 kwa ajili ya upana wa rezonansi za nyutroni (rezonansi ndo jina la ngazi yenye kilele na upana wake), na hiyo sheria ina tabia moja ya kutisha, thamani ndogo sana ndizo nyingi kuliko zote. Ukipiga hesabu, karibu ngazi 8 katika kila 100 zina nguvu iliyo chini ya mia moja ya wastani. Nane kwa mia ya 327 ni kama 26. Ongeza zile chache ambazo mbili zimekaribiana kuliko upana wao zikaonekana moja, tatu hivi, unafika kwenye ishirini na tisa zangu. Hazikupotea, zilikuwa zimejificha palepale kwenye nadharia ya upana ambayo mimi nilikuwa nimeitupa.

Nikatoboa tundu la pili mbali na la kwanza nikahamisha antena. Ile ya kujificha kwenye matundu yote mawili ni 8 kwa mia ya 8 kwa mia, karibu haipo. Nikapata 324. Histogramu ikakaa. Ile siku nilifurahi sana ila nilikuwa na hasira pia, miezi minne ya vilele bila upana, na chumba kilishafunguliwa na kufungwa mara kadhaa, huwezi kurudi nyuma ukapima kitu kilekile.

Toka hapo nikaanza kusoma upya kana kwamba sijawahi kusoma. Mfumo uliofungwa kabisa, ambao vitabu vinaanza nao, una ngazi zenye namba halisi na kila ngazi inakaa milele. Huo mfumo haupo popote. Kiini cha atomu kinatoa chembe, atomu inatoa mwanga, nukta ya kwantamu (kisanduku kidogo sana cha elektroni) kwenye chipu imeunganishwa na waya, chumba changu kina antena na kuta zinazokula. Ukishafungua, ngazi haiwi namba halisi tena, inakuwa namba changamano, sehemu halisi ni mahali ilipo na sehemu ya kufikirika ni inakufa haraka kiasi gani. Gamow ndo aliyeleta wazo hili kwenye viini mwaka 1928, alipokuwa anaeleza kwa nini chembe ya alfa inatoka kwenye kiini taratibu vile. Upana ukiwa mkubwa maisha ni mafupi, ukiwa mdogo maisha ni marefu, unagawa ħ (namba ya Planck gawa kwa 2π) kwa upana unapata muda. Ni kama kengele, ukiigonga una sauti yake na una muda inaochukua kunyamaza, na hivyo viwili vyote ni vya kengele, huwezi kusema sauti ndo kengele halafu kunyamaza ni bahati mbaya.

Mfano ulionikaa kichwani ni urani 238. Nyutroni ya polepole yenye nishati ya elektroni-volti 6.67 inanaswa na hicho kiini kwa nguvu ya ajabu, na upana wa hiyo rezonansi ni kama elektroni-volti 0.025. Ugawe, unapata sekunde kama 2.6 mara 10 kwa kipeo cha -14. Inaonekana kamuda kadogo, lakini hiyo nyutroni ingekatiza tu ukubwa wa kiini kwa mwendo iliojia nao ingetumia kama 4 mara 10 kwa kipeo cha -19. Kwa hiyo imekaa mara makumi ya maelfu zaidi. Niels Bohr mwaka 1936 aliangalia vilele vyembamba namna hii akasema haiwezekani nyutroni inazunguka peke yake humo, lazima imeshaingia kwenye fujo na chembe nyingine zote, nishati imegawanywa, na itatoka tu siku nishati ya kutosha ikijikusanya tena kwa bahati kwenye chembe moja. Hiyo picha ya fujo aliyoiona kwenye upana, siyo kwenye mahali pa kilele, ndo mzizi wa haya yote tunayoita kaosi ya kwantamu. Yeye aliusoma upana. Mimi niliutupa.

Mwaka wa pili tukafungua chumba kweli. Tukakata mwanya pembeni, tukaunganisha mrija wa mawimbi, na mbele ya mwanya tukaweka kibamba cha chuma unachoweza kukisogeza kwa skrubu, milimita kwa milimita, kutoka kufungwa mpaka wazi kabisa. Matarajio yangu yalikuwa ya mtu yeyote, ukifungua mlango zaidi mawimbi yanatoka haraka zaidi, vilele vyote vinanenepa vinalala mwishowe unabaki na kilima kimoja kipana. Na mwanzoni ndo ilivyokuwa. Milimita 2, vilele vinanenepa, 4, vinanenepa, 6 vimeanza kumezana. Nikaenda 9, 10, 11 halafu nikaona vilele vyembamba vimerudi.

Nilifunga nikaanza upya. Nikakagua skrubu, labda kibamba kimeteleza kimefunga mwanya, hapana. Nikabadilisha kebo. Nikapima tena usiku wakati vifaa vingine vimezimwa. Ileile. Mwanya uko wazi kuliko wakati wowote na baadhi ya rezonansi zinaishi muda mrefu kuliko mwanya ulipokuwa nusu.

Prof alicheka kwa furaha, akaniambia niache kukagua kebo, nikae chini na matriksi, jedwali la namba, ya mbili kwa mbili nisiondoke mpaka nimeielewa. Hii naomba mwenye subira aifanye mwenyewe kwa kalamu, inachukua dakika kumi na haitamtoka. Chukua ngazi mbili, moja kwenye +1 nyingine kwenye -1. Zote zinavujia kwenye mlango mmoja kwa nguvu sawa, γ. Kwa kuwa mlango ni mmoja hazivuji kila moja kivyake, zinaonana kupitia mlango, kwa hiyo kwenye matriksi unatoa iγ (i ni mzizi wa -1) siyo kwenye pembe zile mbili za ngazi tu bali kwenye nafasi zote nne. Majibu yake, yaani aigenivelu, ambazo ndo ngazi mpya, ni -iγ jumlisha au toa mzizi wa (1 - γ²). Mlango mdogo, γ ikiwa 0.5, zote mbili zina sehemu ya kufikirika 0.5, zinakufa sawa, na zimeanza kusogeleana. γ ikifika 1 mzizi ni sifuri, zimekuwa kitu kimoja. Sasa endelea kufungua. γ ikiwa 5, moja ina 9.899 na nyingine ina 0.101. γ ikiwa 10, moja 19.95 nyingine 0.05. Jumla daima ni 2γ, hakuna uchawi, mlango unachukua chake, ila moja imebeba mlango wote mgongoni na nyingine imeachwa ndani, inaishi mara kumi zaidi ya ilivyokuwa wakati mlango ni nusu.

Hii inaitwa kunaswa kwa rezonansi. Kleinwächter na Rotter waliionyesha kwenye hesabu za viini mwaka 1985, Sokolov na Zelevinsky wakaiendeleza mwishoni mwa miaka hiyo, na kipimo kwenye chumba cha maikrowevu kilifanywa na Persson, Rotter, Stöckmann na Barth mwaka 2000. Kwa hiyo sikugundua kitu, nilichelewa sana. Ukiwa na ngazi nyingi na milango M (mlango hapa ni njia moja ya wimbi kutokea, mwanya mmoja unaweza kuwa na kadhaa), zitakazojitoa kubeba upana ni M tu, zilizobaki zote zinarudi kuwa nyembamba. Nilikaa na hilo siku nzima bila kufanya kazi. Nilikuwa nawaza mlango kama kitu unachobandika kwenye mfumo uliokamilika, mfumo uko vilevile ndani ila sasa unavuja. Kumbe ngazi zenyewe zinajipanga upya kwa sababu ya mlango, kila moja inajua nyingine iko wapi kupitia nje.

Halafu ikaja programu, na hapa nitakaa kidogo maana hili kosa nimeliona kwa watu wengi baada yangu na linauma. Nilitaka kufanya hesabu ya ngazi 300 na mwanya wenye milango mitatu, kwa ile Hamiltonia (matriksi ya nishati ya mfumo) inayofanya kazi ya mfumo wazi, ya Feshbach, ambayo ni Hamiltonia ya chumba kilichofungwa ukitoa iπ mara W mara W iliyogeuzwa, W ikiwa ni jinsi kila ngazi inavyoungana na kila mlango. Nikaandika, aigenivelu zikatoka vizuri. Nikaenda kukagua kama vekta zake (kila aigenivelu ina yake, ndo umbo la wimbi) zina pembe mraba kati yao, kama tulivyofundishwa wote, unachukua moja, unageuza alama ya i, unazidisha na nyingine, unatakiwa kupata sifuri. Nikapata 0.3. Nyingine 0.17. Wiki tatu natafuta kosa kwenye programu. Niliandika upya kwa lugha nyingine ya programu. 0.3.

Hakukuwa na kosa. Matriksi hii siyo ile ya vitabu vya mwanzo, haina haki ya kuwa na vekta za namna hiyo. Ina ulinganifu lakini ni changamano, kwa hiyo unazidisha bila kugeuza alama ya i. Nikaondoa neno moja kwenye mstari mmoja, ikatoka sifuri mpaka tarakimu ya kumi na nne. Wiki tatu kwa neno moja! Na siyo jambo la programu tu, ile 0.3 ina maana, inakuambia rezonansi hizi mbili zinashirikiana mlango kiasi gani, kwamba huwezi kusisimua moja bila kuigusa nyingine. Nilikuwa najaribu kufuta kipimo kizuri kuliko vyote nilivyokuwa navyo.

Na pale γ inapofika 1 kwenye ule mfano mdogo, ambapo mbili zinakuwa moja, angalia vekta yake: ni (i, 1). Izidishe na yenyewe bila kugeuza alama, i mraba jumlisha 1, sifuri. Vekta ina pembe mraba na yenyewe. Nilivyoiona mara ya kwanza niliisoma kwa sauti chumba kitupu. Siyo tu ngazi mbili zimekutana, hata maumbo yake yamekuwa moja na umbo la pili limetoweka kabisa. Kwenye mfumo uliofungwa hili haliwezi kutokea hata siku moja. Wanaziita nukta za kipekee, Kato aliziandika kwenye hisabati miaka ya 60, na kundi la Darmstadt likazunguka moja kwenye chumba cha maikrowevu mwaka 2001, wakaonyesha kwamba ukiizunguka mara moja ngazi zinabadilishana nafasi. Ukiwa karibu na nukta hizo programu yako itayumba, tarakimu zitapotea nusu, na hapo usiilaumu kompyuta.

Kuna kosa jingine nitalipitia haraka. Kwenye frikwensi za juu na mwanya ukiwa wazi sana, upana wa kawaida ulizidi umbali kati ya ngazi, na mimi nikaendelea kuhesabu vilele. Ericson alishaonya kwenye miaka ya 60 mwanzoni kuhusu viini, ukifika hapo kilele siyo rezonansi tena, ni rezonansi nyingi zimejumlishwa zikakubaliana kwa bahati hapo na zikapingana hapa pembeni. Unachoweza kupima kwa uaminifu ni jinsi grafu inavyofanana na yenyewe ukiisogeza kidogo, hiyo ndo inakupa upana wa wastani. Nilifuta jedwali zima. Lilikuwa jedwali zuri kwa macho.

Mwaka wa tatu niliacha chumba kidogo nikacheza na kaosi yenyewe kwenye kompyuta, na huko nilikutana na kitu ambacho bado kinanishika. Swali ni rahisi, mfumo wazi una rezonansi ngapi zinazodumu? Mfumo uliofungwa Weyl anakujibu, ni eneo, ngazi zinajaza nafasi yote. Nikatumia ramani ya mwokaji, ile unavuta unga mara tatu, unakata, unapanga vipande juu ya kila kimoja, ila kila mzunguko kile cha katikati unakitupa nje. Kinachobaki milele ndani siyo eneo, ni vumbi la Cantor, ondoa theluthi ya katikati, na ya katikati ya kila kilichobaki, endelea bila kukoma. Toleo lake la kwantamu ni matriksi ya N kwa N, Nonnenmacher na Zworski waliichambua mwaka 2005. Nikaweka N 81, 243, 729, 2187, kila mara nazidisha kwa tatu, nahesabu aigenivelu zenye ukubwa juu ya kiwango fulani yaani zisizokufa haraka.

Nilitegemea nazo zizidi mara tatu. Zilizidi karibu mara mbili. Kila hatua, mara mbili na kidogo pungufu au zaidi. Hapo ndo nikakumbuka vumbi la Cantor, dimensheni yake ni logi ya 2 gawa kwa logi ya 3, kama 0.63, na 3 ukiipandisha kwa kipeo hicho ni 2. Rezonansi zinazodumu zinajua idadi yake kutokana na zile njia chache za gololi ambazo hazitoki kamwe, seti yenye matundu kila mahali, na aigenivelu zingine zote zinajisukuma kwenda sifuri, zinakufa papo hapo, kama hazikuwahi kuwepo. Wazo hili la Weyl ya frakta, yaani ya umbo lenye matundu ndani ya matundu kama hilo vumbi, lilianzia kwa Sjöstrand mwaka 1990, na Lu, Sridhar na Zworski wakalionyesha kwa namba mwaka 2003 kwenye mfumo wa duara tatu, uleule wa Gaspard na Rice wa 1989, ambapo gololi inadunda kati ya nguzo tatu mpaka itoke. Mimi sikuwa nalitafuta, nilikuwa najaribu programu tu, na ghafla naona kaosi ya gololi imeandikwa ndani ya orodha ya namba changamano. Nilimpigia Prof simu saa nne usiku. Akasema, "Hesabu tena na kiwango kingine." Nikahesabu. Mara mbili.

Basi nikarudi chumbani kwa kazi ya mwisho, na hii niliiomba mwenyewe. Kuna njia ya kuona umbo la wimbi ndani, unaweka kishanga kidogo cha chuma, unakisogeza kwa sumaku toka nje sakafu nzima, na pale wimbi lilipo na nguvu frikwensi ya kilele inahama kidogo, pale lilipo sifuri haihami. Nikachagua kilele kimoja kati ya vile vyembamba vilivyorudi. Nikakipima kwanza mwanya umefungwa, nukta zaidi ya elfu mbili, siku sita, chumba hakiruhusiwi kupata joto hata nusu digrii. Halafu mwanya wazi milimita 11, siku sita nyingine.

Nikaziweka ramani mbili pembeni kwa pembeni. Ya kwanza, mwanya umefungwa, mabonge ya wimbi yametapakaa kila mahali mpaka ukingoni kabisa, moja limekaa palepale kwenye mwanya. Ya pili, upande wa mbali wa chumba ni karibu uleule, ukiangalia haraka huoni tofauti, ila ukija taratibu kuelekea kwenye mwanya mabonge yanaanza kupinda, yanakuwa madogo, yanajipanga kwa mstari kama yanakwepa, na mbele ya mwanya kuna upana wa vidole viwili ambapo kishanga kilipita nukta arobaini na moja na frikwensi haikuhama.